Nyota Zitatuletea Pamba?

Swali hili niliulizwa hadharani, katika ukumbi mmoja hapa Maswa, mwaka 2021. Aliyeniuliza alikuwa mtu mwenye cheo, na jibu hakulihitaji. Alitaka watu wacheke, na watu walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo, maana mtu mzima akifanywa kichekesho mbele ya vijana aliowafundisha, hana pa kujificha ila ndani ya kicheko chao. Lakini usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilijibu swali lile peke yangu, njiani, shambani na kitandani, na sasa nimeona nilijibu kwa maandishi, lisije likaenda nami kaburini.

Kisa chenyewe ni kidogo. Nimefundisha fizikia kwa miaka thelathini na ushee, na baada ya kustaafu niliendelea kujitolea katika klabu ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari. Katika kikao cha kujadili mipango ya elimu niliomba vitu vichache sana: dishi kuukuu la televisheni, kifaa kidogo cha kutafutia mawimbi kama kile wanachotumia mafundi wa madishi, betri na nyaya. Kwa vitu hivyo mwanafunzi huweza kulielekeza dishi kwenye jua akaona mshale wa kifaa ukipanda, akajua kwa macho yake mwenyewe kwamba jua hutoa pia mawimbi ya redio, mbali na mwanga na joto tunalolizoea. Kutoka hapo ningewaeleza wanafunzi habari za kwasari. Nikafanya kosa la kulitamka neno hilo kikaoni.

"Kwasari ndiyo nini, Mwalimu?"

"Ni viini vya magalaksi ya mbali sana, mheshimiwa. Kwa kutazama vinafanana na nyota, lakini..."

"Ahaa, nyota! Sasa Mwalimu, hizo nyota zitatuletea pamba? Au unataka kutufungulia ofisi ya kutabiri?"

Basi ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na ombi langu likafa pale pale bila kupigiwa kura.

Ndugu msomaji, naandika kumpinga bwana yule. Jina lake silitaji, kwa sababu hayuko peke yake. Yumo katika kila kikao, kila wizara, kila familia inayomwambia mtoto aache maswali yasiyojaza sufuria. Na tusidanganyane, hoja yake ina nguvu. Mtu aliyeona mama akitembea na ndoo kufuata maji, aliyemwona mkulima akipeleka pamba yake kwenye mizani na kurudi na fedha isiyotosha hata karo, ana haki ya kuuliza kila shilingi inakwenda wapi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Nimechuma pamba kabla sijajua kusoma. Sihitaji kufundishwa umaskini ni nini.

Ninachokataa ni ile imani kwamba maskini hana haki ya kujua. Kwamba kuna elimu ya watu wa Ulaya na Marekani, nayo ni mbingu, na kuna elimu yetu sisi, nayo ni jembe. Hiyo ni kasumba, na ni kasumba mbaya kuliko ile ya mkoloni, kwa sababu safari hii tunajinywesha wenyewe.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Mkulima aliyesema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua alikuwa akitazama mbinguni ili ajue siku ya kuanza kulima. Hakuna aliyemcheka. Alikuwa na njaa kama sisi, pengine kuliko sisi, na bado aliona ni busara kuinua macho.

Sasa nieleze kile ambacho sikupewa nafasi ya kueleza. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru wa Tanganyika, Mholanzi aitwaye Maarten Schmidt, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aligundua siri ya kitu kilichoitwa 3C 273. Kwenye picha kilifanana na nyota ya kawaida, lakini kilikuwa kikitoa mawimbi makali ya redio, na nuru yake ilikuwa na alama ambazo hakuna aliyezielewa. Schmidt alitambua kwamba zilikuwa alama za haidrojeni, gesi ya kawaida kabisa, ila zimesogezwa kwa sababu ulimwengu umetanuka wakati nuru ikiwa njiani. Nuru ile ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka bilioni 2. Kitu kinachoonekana kutoka umbali huo lazima kiwe na nguvu ya kutisha. Leo tunajua kwamba katikati ya kwasari kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua, na gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa hupata joto na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake zikiwekwa pamoja. Baadhi ya kwasari hurusha pia mikondo miwili ya chembe kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, na mikondo hiyo ndiyo inayovuma katika redio.

Mwaka ule ule niliochekwa, 2021, wataalamu walitangaza kwasari iitwayo P172+18, yenye mikondo ya namna hiyo, ambayo nuru yake imesafiri miaka ipatayo bilioni 13. Maana yake ilianza safari ulimwengu ukiwa bado mtoto mchanga, jua letu halijakuwepo, wala dunia, wala Maswa. Niliisoma habari hiyo klabuni, nikiandika ubaoni kwa chaki. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono.

"Shikamoo, Mwalimu. Kama nuru imetembea muda wote huo, tunajuaje kwamba haikuchakaa njiani?"

Nimefundisha miaka mingi, lakini maswali ya namna ile nayahesabu kwa vidole. Nilimjibu kwamba imechakaa kweli, na kuchakaa kwake ndiyo saa yetu. Kila wimbi lake limerefushwa karibu mara nane tangu lilipoondoka, na kwa kupima urefu huo tunajua ulimwengu umetanuka kiasi gani. Akaandika, akafikiri, akaandika tena. Msichana huyu alikuwepo ukumbini siku ile ya kicheko. Baada ya hapo hakurudi klabuni. Shuleni alichagua masomo mengine, na leo ana kibanda cha kutuma fedha kwa simu karibu na stendi. Ni kazi ya heshima na anaifanya vizuri. Lakini mimi kila nikipita nasalimiwa kwa adabu, kisha naulizwa kiasi ninachotoa, na moyo wangu unajua ni swali gani lililopotea.

Turudi kwenye mawimbi. Tatizo la kwasari hizi za mbali ni udogo wake machoni petu. Dishi moja, hata liwe kubwa namna gani, haliwezi kuona umbo la mikondo ile. Lile la Effelsberg, Ujerumani, lina upana wa mita 100, na bado peke yake huona ukungu tu. Kwa hiyo tangu mwaka 1967 wataalamu wamekuwa wakitumia njia ambayo mpiga ngoma yeyote wa Usukumani angeielewa. Usiku ngoma ikilia mbali, unajuaje inatoka upande gani? Sauti hufikia sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti ndogo mno, na akili yako inaisoma tofauti hiyo. Kadiri masikio yanavyokuwa mbalimbali, ndivyo upande unavyojulikana kwa usahihi. Basi weka sikio moja Ulaya na jingine Afrika Kusini. Kila moja lirekodi mawimbi ya kwasari ile ile, kwa saa za atomu, kisha rekodi zipelekwe mahali pamoja zilinganishwe. Kwa madishi ya mtandao wa Ulaya mahali hapo ni Dwingeloo, Uholanzi. Umepata sikio lenye upana wa kilomita zipatazo 8,000.

Likisikiliza mawimbi ya sentimita 6, sikio hilo hupambanua pembe ndogo kiasi hiki: ni kama wewe ukae Maswa, kisha utofautishe vitu viwili vilivyoachana kwa milimita 5 huko Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 700 kwa mstari ulionyooka. Hiyo ni kama upana wa mbegu moja ya pamba. Ningepewa dakika mbili ukumbini, hilo ndilo ningemwambia mheshimiwa, kwa kuwa alipenda sana habari za pamba.

Lakini najua angeuliza: ikishaonekana hiyo mikondo, inatusaidia nini? Sawa. Hebu nisimulie habari ya mkuyu.

Katika kijiji chetu kulikuwa na mkuyu uliokuwa mpaka kati ya shamba la marehemu kaka yangu na la jirani yake. Ulianguka mwaka mmoja wa mvua kubwa, na shina likachomwa mkaa. Miaka ikapita, wazee waliojua ulipokuwa wakafa mmoja mmoja, na ugomvi ukazaliwa. Watoto wa kaka yangu na watoto wa jirani waliokuwa wakicheza pamoja wakaanza kupishana njiani bila kusalimiana. Siku moja mapanga yalitoka, na ni Mungu tu aliyesaidia yakarudi bila damu. Mwishowe akaja mpima ardhi na mashine yake ya kupokea ishara za satelaiti, akaisimamisha juu ya miguu mitatu, akangoja, akasoma namba. Bwana yule wa kicheko alikuwepo, maana alikuja kama shahidi wa serikali. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wazee: "Mashine hii haidanganyi. Inaongea na mbinguni."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Satelaiti hupima mahali ulipo ikiwa tu yenyewe inajulikana iko wapi, na dunia iliyo chini yake imegeuka kiasi gani. Na dunia haigeuki sawasawa. Upepo, bahari na kiini chake kizito huifanya ikawie au iharakishe kwa sehemu za elfu ya sekunde. Hapa kwetu, nyuzi tatu kusini mwa ikweta, ardhi inakwenda mashariki mita zaidi ya 460 kila sekunde. Kosa la elfu moja tu ya sekunde ni karibu nusu mita. Kwa nusu mita watu wameuana. Satelaiti zenyewe haziwezi kuupima mgeuko huo zikaaminika kwa muda mrefu, kwa sababu nazo zinayumba katika njia zao. Inahitajika alama isiyosogea. Nyota za kawaida zinasogea. Kwasari ziko mbali kiasi kwamba kwa macho yetu zimesimama tuli, na madishi yaliyotengana kwa maelfu ya kilomita yakizisikiliza pamoja, hutuambia dunia imegeuka kiasi gani. Orodha ya mahali pa vitu hivyo inayotumiwa na wataalamu wa nchi zote tangu Januari 1, 2019, ina vyanzo 4,536, na kati ya hivyo 303 vimeteuliwa kuwa nguzo za vipimo vyote.

Hayo ndiyo mawe ya mpaka ya mbingu. Sisemi kwamba kwasari ilikuja kijijini ikapima shamba la kaka yangu. Aliyepima ni kijana mwenye mashine, kwa jasho lake. Nasema kwamba namba alizosoma zinasimama juu ya vipimo vya satelaiti, vipimo vya satelaiti vinasimama juu ya mgeuko wa dunia, na mgeuko wa dunia unapimwa kwa kusikiliza hizo hizo "nyota" zilizochekesha ukumbi mzima. Mkuyu wetu ulianguka. Ile mikuyu ya mbali bado imesimama.

Sasa nifike kwenye kinachonikera zaidi. Tazama ramani ya madishi yanayofanya kazi hii. Ulaya yamejaa. Afrika Kusini kuna kituo cha Hartebeesthoek, chenye dishi la mita 26 lililojengwa na Wamarekani mwaka 1961 kwa kufuatilia vyombo vya angani, likageuzwa kuwa la elimu ya anga mwaka 1975. Oktoba 2008 beringi yake kubwa ilivunjika, dishi likasimama hadi mwaka 2010, na Afrika nzima haikuwa na dishi jingine la kushika nafasi yake. Kati ya Ulaya na huko kusini kuna pengo. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua wavu wenye tundu katikati unavyovua. Madishi yaliyo karibu karibu huonyesha umbo la jumla la mkondo wa kwasari, yaliyo mbali sana huonyesha undani wake, na ya masafa ya kati ndiyo yanayounganisha picha. Masafa ya kati hayapo, kwa sababu sisi hatupo. Lile tundu la wavu ni nchi zetu.

Na watu walikwishaliona. Ghana ilikuwa na dishi la mita 32 huko Kuntunse, la simu za satelaiti, ambalo nyaya za chini ya bahari zililifanya lisiwe na kazi. Badala ya kuliuza kama chuma chakavu, waliligeuza kwa kushirikiana na Afrika Kusini, na mwaka 2017 likazinduliwa kuwa darubini ya redio. Kituo cha Longonot, Kenya, kilichoanza mwaka 1970 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kiliingizwa katika mipango ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2012, mwaka ambao mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa, iliamuliwa kwamba sehemu ya mradi mkubwa wa darubini za redio wa SKA ijengwe Afrika. Nchi washirika wa Afrika Kusini katika mradi huo ni nane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Soma tena. Kenya, Msumbiji, Zambia. Majirani zetu watatu tunaopakana nao wamo. Sisi hatumo. Je, Zambia haina wakulima wa pamba? Msumbiji hakuna akina mama wanaofuata maji?

Watu watasema tungekuwa wapagazi tu katika kazi ya wengine. Hatari hiyo ipo, na Afrika Mashariki tunaijua. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutafuta miale ya eksirei angani. Kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilifanya kazi kubwa, na mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapata Tuzo ya Nobel. Sisi wana wa pwani na bara tulitoa bahari, ikweta na jina. Lakini dawa ya kuwa mpagazi haipatikani kwa kukaa nyumbani. Dawa ni kusomesha watoto hadi siku moja wao ndio waandike maombi ya kutumia dishi, wachague kwasari ipi itazamwe, na picha ikitoka majina yao yawe ya kwanza.

Kwa hiyo nataka nini? Sidai darubini ijengwe Maswa kesho. Nataka, kwanza, nchi yetu iingie katika meza hii ambayo majirani wamekwishakaa. Pili, madishi makubwa yanayostaafu yasikatwe kabla hayajakaguliwa na wanasayansi. Tatu, tutambue kwamba ukimya ni mali. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda maeneo yasiyo na kelele za redio, na sisi huku, kwenye mapori yanayopakana na Serengeti, tuna ukimya ambao hakuna aliyewahi kuuhesabu. Nne, mambo haya yafundishwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amejitolea kwa miaka mingi kuwaelimisha Watanzania juu ya anga. Mtu mmoja hatoshi kwa taifa zima. Wilaya yetu imesifika kwa kiwanda cha chaki cha vijana. Ni jambo la kujivunia. Lakini chaki ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kile kinachoandikwa nayo.

Basi jibu langu ni hili. Hapana, mheshimiwa, nyota hazitatuletea pamba. Pamba tutalima wenyewe, kama tulivyolima siku zote. Nyota zitatuambia shamba linaishia wapi, dunia inakwendaje, na mtoto wa mkulima ana akili kiasi gani akiachwa aulize. Ukiyaona hayo ni madogo, basi tumetofautiana, na mimi sitacheka tena ili kukufurahisha.

Dishi nililipata mwishowe, kwa fundi aliyekuwa akilitumia kuanikia mpunga. Limeliwa kutu ukingoni lakini linafanya kazi. Liko nyuma ya nyumba yangu. Mwenye mtoto anayeuliza maswali yasiyojaza sufuria amlete Jumamosi, saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda.